Chombo Kitalala Wapi?

Habari za bahari yetu zimeandikwa zaidi na watu waliosimama ufukoni wakitazama tanga. Msafiri akija huandika tanga, mchoraji huchora tanga, na mpiga picha husubiri jua lizame ili alipate tanga likiwa jeusi mbele ya wekundu wa magharibi. Sina ugomvi na tanga. Lakini chombo hakiishi kwa tanga peke yake, wala hakikai baharini siku zote. Katika makala haya nataka kuzungumzia vitu vidogo vinavyofuatana na chombo, pamoja na vile vinavyokibeba kikiwa nchi kavu. Mimi nilivijua vyema nilipounda chombo cha kuchezea.

Nasema "cha kuchezea" kwa kuwa ndivyo walivyokiita majirani zangu hapa Mji Mkongwe. Ni jahazi dogo lenye urefu wa sentimita 110, la mbao za masanduku zilizopigwa juu ya mataruma membamba, nalo huendeshwa kwa mawimbi ya redio. Ndani mna betri, kipokezi cha mawimbi na mota ndogo mbili ambazo mafundi huziita sevo. Moja hupinda usukani, nyingine huvuta na kulegeza demani. Aliye ufukoni hushika kirushio chenye vijiti viwili, na chombo humtii.

Fikra yenyewe si ngeni. Mwaka 1898, katika jumba la Madison Square Garden mjini New York, Nikola Tesla aliwaonyesha watu mashua ndogo ikigeuka katika birika la maji bila ya kamba wala mkono wa mtu. Tarehe 8 Novemba mwaka huo alipewa hataza ya Marekani namba 613,809 kwa uvumbuzi huo. Tangu wakati huo mchezo wa vyombo vya redio umeenea nchi nyingi, na wenye kuupenda huviundia vyombo vyao kila pambo, kuanzia taa na nanga mpaka tela la kuvibebea hadi ziwani.

Watoto wa kwetu hawakumngoja Tesla. Katika vijiji vya pwani ya mashariki, Jambiani na Paje, maji yakipwa utawaona wamesimama katika maji ya magotini na vingalawa vya mti mwepesi, vyenye matanga ya vitambaa na nailoni, wakishindana. Redio yao ni upepo. Akitaka kingalawa kiende upande fulani, mtoto hulifunga tanga vingine na kuuelekeza usukani kabla ya kukiachia, kisha hukimbia kukilaki. Mchezo huo ni skuli. Wengi waliokuja kuwa manahodha walianzia hapo.

Ami yangu alikuwa mmoja wao. Alisafiri kwa jahazi baina ya Unguja, Pemba, Tanga, Mombasa na Lamu mpaka macho yalipopungua nuru na miguu ikamkatalia ngazi za nyumba. Nilipomaliza kuunda nilimpelekea chombo chumbani kwake.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Kilete nikipapase."

Akakiweka mapajani, akapitisha vidole kuanzia omo mpaka tezi. Alipapasa mkuku, akapapasa mlingoti, akaifuata foramali kama mtu anayesoma. Nikangoja kusifiwa.

"Nanga iko wapi?" akauliza. "Na amari yake? Na cha kufulia maji?"

Nikamweleza kwamba chombo hiki ni cha redio, hakina watu ndani.

"Haya. Maji yakiingia, redio itayafua?"

Sikuwa na jawabu. Akaendelea. Aliuliza jiko, yaani lile sanduku lililotiwa mchanga ambamo moto huwashwa bila ya kuunguza ubao. Aliuliza pipa la maji ya kunywa. Aliuliza kile kisanduku cha choo kinachoning'inia tezi juu ya bahari, ambacho wageni hukicheka na mabaharia hawakionei haya. Mwisho akauliza swali ambalo sijalisahau: "Na kikitoka majini, kitalala wapi?"

Swali hilo lilinifanya nirudi kwenye meza ya kazi, na pia nirudi kwenye vitabu.

Nilianza na maji ya ngamani, kwa kuwa wazee walitufunza kwamba hata ukienda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Ngama ni pale chini ya chombo maji yanapokusanyika, na kila chombo cha mbao huvuja. Kuvuja huko kuna historia ndefu hapa. Kitabu cha Kiyunani cha karne ya 1, kiitwacho Periplus, kinataja vyombo vya kushonwa katika pwani hii ya Afrika Mashariki. Mrithi wao wa mwisho mkubwa alikuwa mtepe wa visiwa vya Lamu. Mtepe haukuwa na msumari hata mmoja. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi, na tanga lake la mraba lilikuwa la mkeka. Chombo cha namna hiyo hupinda kinapogusa mchanga badala ya kuvunjika, na hiyo ni fadhila kubwa katika pwani yenye maji ya kupwa na kujaa. Lakini kila tundu la uzi ni mlango wa maji, kwa hiyo mtu wa kufua maji hakuwa abiria wa ziada. Bila yeye safari haikuwepo.

Katika chombo changu nilitafuta pampu ndogo, ya aina inayorusha maji kwenye kioo cha gari, nikaifunga ngamani na kuiunganisha na kipokezi. Ukibonyeza kitufe kwenye kirushio, mkondo mwembamba wa maji hutoka ubavuni. Ami alipousikia ukichuruzika ndani ya beseni alicheka mpaka akakohoa. "Sasa redio inafua," alisema.

Nanga niliifua kwa nondo nyembamba, ya mikono minne kama zile za majahazi yetu, si ya mikono miwili iliyokuja na meli za Kizungu na kuitwa baura. Amari niliisokota kwa makumbi. Kwa farumi nilitumia chubwi za wavuvi, kilo 3 za risasi, nikazipanga juu ya mkuku. Henza ilihitaji kapi, nikazichonga mbili kwa pembe ya ng'ombe. Nilifanya pia jiko, pipa na choo. Kila kitu kilipokuwa tayari nilikipeleka kwa ami akakipe jina, kwa sababu niligundua kwamba nusu ya majina sikuyajua, ingawa nilizaliwa na kukulia hatua chache kutoka bandarini. Majina hayakupotea kwa kuwa watu wamesahau Kiswahili. Yalipotea kwa kuwa vitu vyenyewe havishikwi tena. Mtu asiyevuta henza hana haja ya neno henza.

Swali la pili lilikuwa gumu zaidi. Chombo kitalala wapi?

Hapa inafaa kumkumbusha msomaji jambo linalojulikana na kila mtoto wa pwani, ingawa aghalabu hatulifikirii. Bahari ya Unguja hupanda na kushuka mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti ya maji kujaa na maji kupwa hukaribia mita 4. Katika nchi ambazo bahari haishuki hivyo, watu wamelazimika kujenga gudi za mawe zenye milango na pampu ili waone tumbo la meli. Sisi tulipewa gudi na Mwenyezi Mungu. Nahodha alikileta chombo ufukoni maji yalipojaa, akakipweleza, na bahari yenyewe ikakivua nguo.

Lakini chombo kikiachwa na maji hulala ubavu, na chombo kizito kikilala ubavu mbao huachana. Ndiyo maana palihitajika gadi. Gadi ni nguzo zinazosimamishwa kila upande ili chombo kibaki wima. Zikisha kukazwa, mabaharia huingia chini, hukwangua kombe na majani ya baharini, huziba nyufa kwa kalafati na kulipaka tumbo deheni ya chokaa na mafuta. Mbavu za juu hupakwa sifa, mafuta ya papa ambayo harufu yake humtangulia mwenye chombo. Yote hayo hufanywa kwa saa chache, kwa kuwa bahari haingoji. Na kama ni kukipandisha chombo juu kabisa, wanawekwa magogo chini ya mkuku, watu hushika kamba, mmoja huimba na wengine huitikia, na kila kiitikio ni hatua moja. Chombo kilichopandishwa kwenye kilele cha bamvua hakishuki mpaka bamvua nyingine. Kwa hiyo nahodha aliyekuwa hajui kuhesabu mwezi hakuwa nahodha.

Hata vyombo vya wakubwa havikuepuka haja ya pa kulala. Mwaka 1840 meli Sultana ya Sayyid Said bin Sultan, iliyoundwa Bombay, iliondoka Unguja na kufika New York tarehe 30 Aprili, ikiwa imebeba tende, kahawa, karafuu, pembe za ndovu na mazulia, chini ya uongozi wa Ahmad bin Na'aman. Safari hiyo husimuliwa mara nyingi, na picha ya Ahmad bin Na'aman iliyochorwa huko inajulikana sana. Jambo lisilosimuliwa sana ni kwamba meli ilifika imechoka. Jeshi la Wanamaji la Marekani liliichukua gudini kwake na kuitengeneza, nayo ikaondoka mwezi Agosti. Bila ya gudi hiyo ya wenyewe, huenda sifa zote za safari hiyo zingeishia kwenye kwenda tu, pasiwe na kurudi.

Sasa tazama kilichohifadhiwa. Mitepe ilipotoweka katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, waliotaka kujua ilivyoundwa walirejea kwenye picha chache, maandishi ya wasafiri, michoro iliyokwaruzwa kwenye kuta za magofu ya pwani, na vyombo vidogo vya mfano. James Hornell aliandika juu ya mtepe na dau la Lamu mwaka 1941, wakati chombo chenyewe kilikuwa tayari ni habari. A. H. J. Prins, mtaalamu wa Kidachi aliyechapisha kitabu chake juu ya ubaharia wa Lamu mwaka 1965, naye aliufuatilia mtepe kwa miaka mingi. Kwa hiyo ile mitepe midogo, ambayo pengine jirani wa fundi aliicheka kama majirani walivyonicheka mimi, ikawa mashahidi wa mitepe mikubwa.

Ila shahidi husema alichokiona tu. Chombo cha mfano hukaa juu ya kibao chenye miguu miwili, ndani ya sanduku la kioo. Hukionyeshwi kikiwa kimelala mchangani. Huoni gadi, huoni magogo, huoni kamba ndefu ya kuvutia wala deheni ikichemka. Aliyekiunda alikiona chombo kama kitu kimoja, ilhali chombo ni sehemu ya kazi kubwa zaidi, na sehemu nyingine ya kazi hiyo iko mchangani.

Nikaamua kwamba changu kitakuwa na gadi zake, na gadi zitakuwa na magurudumu. Nilikuwa na haja ya tela kwa kweli, kwani jahazi pamoja na farumi na betri lilifika kilo 9, na kutoka nyumbani mpaka ufukoni ni vichochoro vitupu. Vichochoro vya Mji Mkongwe havikutengenezewa gari. Mizigo ya mji huu imebebwa kwa mabega ya mahamali na kwa magari yao ya kusukuma, na mpaka leo saruji, friji na magodoro hufika majumbani kwa njia hiyo. Kwa hiyo sikuangalia mifano ya tela za nje. Nilikwenda kulitazama gari la hamali.

Nilijifunza kwamba upana wake umetokana na kona za mji na mabaraza ya nyumba. Nikalipa tela langu upana wa sentimita 40 na urefu wa 90, likate kona bila ya kugonga baraza la mtu. Magurudumu yalitoka kwenye kigari cha mtoto. Ekseli za chuma ziliharibika kwa chumvi katika mwezi wa kwanza, nikaweka za mti mgumu na kuzipaka shahamu. Juu yake nilisimamisha gadi nne, mbili kila upande, zenye vichwa vilivyozungushiwa kamba ya makumbi ili zisikwaruze rangi, na kila moja husogezwa na kukazwa kwa kabari. Ami alizipapasa zote nne. Aliagiza mbili za nyuma ziletwe karibu zaidi na tezi, kwa sababu uzito wa jahazi huelekea huko. Baada ya hapo chombo hakikuyumba tena.

Ufukoni tela lilinifunza somo jingine. Penye mchanga mkavu magurudumu yalizama mpaka ekselini, na kadiri nilivyovuta ndivyo lilivyojichimbia. Ndipo nilipoelewa kwa nini watu wetu, ambao gurudumu walilijua vizuri, waliendelea kupandisha vyombo kwa magogo. Gurudumu linataka barabara. Kwenye mchanga linaloweza ni gogo. Nikakifanya kitanda cha tela king'oke, nikachonga magogo sita ya unene wa mpini wa jembe. Sasa chombo hufika kwa magurudumu mpaka mchanga unapoanza, kisha hushuliwa juu ya magogo, gogo la nyuma likihamishiwa mbele, kama ilivyokuwa kwa chombo cha tani 50.

Siku ya kukishua, ami alipelekwa kwa gari mpaka barabara ilipoishia, na wajukuu wakambeba kwenye kiti. Nilimtia kirushio mikononi nikaviongoza vidole vyake. Hakuweza kuliona tanga ila kama weupe unaosogea, lakini aliusikia upepo wa kusi shavuni, na kwa huo upepo alijua demani ikazwe kiasi gani. Kilikwenda vizuri. Kilipofika wakati wa kugeuza, akauliza: "Nani anahamisha foramali?"

Katika jahazi la kweli, chombo kikigeuzwa upepo ushike upande wa pili, foramali husimamishwa na kuzungushwa mbele ya mlingoti. Ni kazi ya watu kadhaa wenye kuelewana. Changu hakina namna hiyo. Foramali hubaki upande mmoja, na katika nusu ya safari tanga huulalia mlingoti. Nikamweleza hivyo. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba mashine imeweza kazi ya mtu mmoja mmoja, lakini ile ya watu kushikana imeishinda. Hakusema kwa masikitiko. Aliendelea kukiendesha mpaka betri ikaanza kuchoka.

Ami alifariki miaka michache baadaye. Katika daftari langu yamebaki majina aliyoyataja, kila jina na kitu chake, na katika chumba changu vimebaki vitu vyenyewe, kimoja kimoja, vidogo.

Nilimkumbuka tarehe 25 Desemba 2020. Siku hiyo sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883, iliporomoka na kuua watu 2. Ndani ya jumba hilo, lilipokuwa makumbusho, uliwekwa mtepe uliojengwa upya mwanzoni mwa miaka ya 2000, ili vijana waone kile ambacho babu zao walikiona. Tuliupa mtepe nyumba, tukadhani tumemaliza kuuhifadhi. Kumbe nyumba nayo ni chombo, huvuja na kuchoka, na sehemu iliyobaki ya jumba lile ilihitaji kuegemezwa isianguke. Naam, ilihitaji gadi.

Ndiyo maana nawaomba wanaokusanya mambo ya kale wasiishie kwenye tanga na ubavu. Bado Nungwi wanaunda vyombo kwa mkono, na bado ufukoni utaona magogo yametupwa juu ya mchanga kama kuni. Si kuni. Chukueni moja, liandikeni jina lake, muulizeni mwenyewe lilivuta vyombo vingapi na nani aliyekuwa akiimba.

Kwangu nyumbani jahazi limekaa juu ya kabati, lakini tela halikai. Watoto wa mtaani huja kuliazima kubebea ndoo za maji na vingalawa vyao. Juzi mmoja alirudi mlangoni, hajafika miaka 10, akaniambia: "Babu, gadi moja imelegea." Nikampa kabari aikaze mwenyewe.